Kifaru Kilichofia Ndani ya Boksi

Kifaru changu cha kwanza cha rimoti, Tiger I cha kipimo cha 1/16, hakikufia kwenye matope. Jumapili moja ya Novemba kilitoka bustanini hapa Leicester kwa nguvu zake chenyewe, kimetapakaa udongo hadi juu ya magurudumu, taa inawaka, na ngurumo ya injini inatoka kwenye spika bila mkwaruzo. Nilikipangusa kwa kitambaa, nikakirudisha kwenye boksi lake, nikalipandisha juu ya kabati. Nilipolishusha mwishoni mwa Januari, mnyororo wa kushoto ulikuwa umekakamaa kama fimbo. Vipande vyake vilikuwa vimetoa unga mweupe, pini zinazoviunganisha zimekuwa nyekundu kwa kutu, na betri ilikuwa imevimba kama andazi. Nilitia betri nyingine, nikabonyeza swichi. Kimya.

Nilikipeleka kwa fundi wa simu wa mtaani kwetu, mzaliwa wa Mombasa, mtu wa makamo ambaye kutwa nzima anachunguza bodi zilizoingia maji. Aliichomoa bodi ya umeme, akaiweka chini ya lenzi, akaniita nitazame. Pale waya wa betri unapoingilia palikuwa na ukoko wa kijani, na njia moja nyembamba ya shaba ilikuwa imeliwa hadi ikakatika.

"Maji peke yake hayakuiua hii, ndugu yangu," aliniambia. "Uliiacha na betri yake. Maji yakipata umeme ndiyo hula shaba."

Maneno hayo yalibadili namna ninavyokiangalia kifaru kila ninaporudi nacho nyumbani. Wapenzi wengi wa mchezo huu hutumia pesa na fikra zao kwenye swali moja: jinsi ya kuyazuia maji na mchanga visiingie. Swali hilo ni la haki. Lakini vifaru vingi nilivyoviona vikiharibika vimeharibika baada ya mchezo kwisha, usiku ule ule au majuma yaliyofuata, vikiwa vimelala gizani na unyevu wao ndani. Kwa hiyo nasema bila kusita kwamba kifaru cha kuchezea nje huokolewa na kufunguliwa na kukaushwa kuliko kinavyookolewa na kuzibwa.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kukishika, kifaru cha rimoti cha 1/16 ni chombo chenye urefu wa kiasi cha sentimita 40 bila kuhesabu mtutu. Ndani yake mna mota mbili, kila moja na giaboksi yake, moja ya mnyororo wa kulia na nyingine ya kushoto. Hakina usukani, hukata kona kwa kupunguza mwendo wa mnyororo mmoja au kuurudisha nyuma. Juu ya hapo kuna bodi ya umeme inayopokea amri za rimoti, mota ndogo za kuzungusha mnara na kuinua mzinga, spika, taa, na katika aina nyingi kidude cha kutoa moshi. Kampuni ya Tamiya ya Shizuoka, Japani, imo katika kazi ya vifaru vyenye mota tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Shunsaku Tamiya, aliyeiongoza kwa miongo mingi, aliwahi kueleza kwamba kile kipimo maarufu cha 1/35 kilitokana na nafasi iliyohitajika ili betri zienee ndani ya Panther yao ya kwanza. Ganda lilichorwa kufuata kilichomo ndani. Siku hizi vifaru vya 1/16 vya Heng Long ya China vimewafikia watu wengi zaidi kwa bei nafuu, na hivyo navyo vina matundu kila upande: tundu la mhimili, tundu la mtutu, wavu wa injini mgongoni, na mara nyingi swichi ya kuwashia ikiwa tumboni kabisa, inakoburuta ardhi.

Tukiitazama hesabu ya kipimo, tutaona kwa nini ardhi ya kawaida inakishinda chombo hiki. Tiger halisi, kifaru cha Wajerumani cha Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kilikuwa na uvungu wa sentimita 47 kutoka ardhini hadi tumboni. Gawa kwa 16, unabaki na chini ya sentimita 3. Nyasi za bustani ya manispaa zilizokatwa juzi tu zinaweza kufika hapo, kwa hiyo kifaru kinatembea huku kinapanguswa tumbo wakati wote. Nyasi za sentimita 10, ambazo mtoto anazikanyaga bila kuziona, kwake ni kichaka cha mita 1.6. Kifaru kimepunguzwa mara 16, lakini chembe ya mchanga haikupunguzwa. Chembe ya milimita 1 inayoingia kati ya meno ya gia ya 1/16 ni sawa na kokoto la milimita 16 ndani ya giaboksi ya kifaru halisi. Hakuna mhandisi ambaye angekubali kokoto liingie humo, nasi tunalikubali kila tunapopita kwenye njia ya mchanga.

Maji nayo hayakupunguzwa. Tone la maji lina tabia ile ile popote, na kadiri upenyo unavyokuwa mwembamba ndivyo linavyovutwa ndani kwa nguvu zaidi, kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi. Pale ganda la juu linapokutana na la chini, kwenye mhimili wa gurudumu, kwenye ukingo wa swichi, huko kote maji hujivuta yenyewe. Hayahitaji dimbwi. Nyasi zenye umande zinatosha, na umande huo hauonekani ukiingia. Mtu husema, "Leo sikukipitisha majini," naye anasema kweli, lakini sakafu ya kifaru chake imelowa.

Wenye vifaru halisi walipata taabu hii hii. Magurudumu ya Tiger yalipangwa kwa kupishana, moja likiingia nyuma ya jingine, ili uzito wa tani 57 usambae vizuri kwenye mnyororo. Tiger za mwanzo zilikuwa na magurudumu 24 kila upande. Mpango huo uliwapa mwendo mtulivu, lakini kwenye baridi ya Urusi matope yaliingia kati ya magurudumu, yakaganda usiku, na asubuhi kifaru kikakwama. Likiharibika gurudumu la ndani, wanajeshi walilazimika kung'oa kadhaa ya nje kwanza. Yeyote mwenye Tiger ya 1/16 anaijua adha hiyo kwa vidole vyake, maana watengenezaji wameunakili mpangilio ule kwa uaminifu. Mimi hutumia kijiti cha mshikaki kuchokoa udongo uliojibana kule nyuma, gurudumu baada ya gurudumu, na bado siku inayofuata huona vumbi jipya limedondoka mezani.

Kuna Tiger 131, kilichotekwa na Waingereza Tunisia mwezi wa Aprili 1943, ambacho leo kiko Bovington, Dorset, kwenye jumba la makumbusho la vifaru. Ni chombo cha chuma, kina mafundi wa kukitunza, na bado huwashwa siku chache tu kwa mwaka. Walinzi wake wanajua kwamba kila dakika ya mwendo inadai saa nyingi za kazi baadaye. Sioni kwa nini mwenye kifaru cha plastiki na zinki atarajie deni dogo kuliko hilo.

Nirudi kwenye kuziba, kwa sababu hapo ndipo makosa yenye nia njema yanapozaliwa. Mwenzetu mmoja tunayecheza naye aliziba kifaru chake chote kwa silikoni ya bafuni, ile yenye harufu kali ya siki. Harufu ile ni tindikali inayotoka silikoni inapokauka, na tindikali hiyo hula shaba. Ndani ya ganda lililofungwa haikuwa na pa kwenda ila kwenye nyaya na bodi. Ziko silikoni zisizotoa tindikali, na zinauzwa dukani hapo hapo. Tofauti ni kusoma maandishi ya nyuma ya chupa. Lakini hata silikoni nzuri haitatui tatizo la pili. Mota zikifanya kazi, hewa ya ndani inapata joto. Kifaru kikisimama kwenye baridi, hewa ile inapoa, na unyevu uliokuwemo unageuka matone kwenye kuta, kama kioo cha dirisha la jikoni wakati wa kupika. Ganda lililozibwa kabisa linayahifadhi matone hayo kwa uangalifu mkubwa. Puto la mpira ambalo watu wa zamani walikivalisha kipokezi cha mawimbi lina kasoro hiyo hiyo.

Mimi huziba sehemu chache ninazozijua. Bodi ya umeme yenyewe naipaka rangi ya kinga inayotengenezwa kwa ajili ya saketi, baada ya kufunika soketi zote kwa utepe ili zisiingiwe. Hiyo ni kinga inayokaa mahali panapohusika, nayo haizuii hewa. Swichi ya tumboni naifunika kwa kipande cha utepe mpana kabla ya kila mchezo. Tundu la mhimili wa sproketi, lile gurudumu la meno linalouvuta mnyororo, nalizungushia grisi nzito upande wa ndani, iwe kama ukuta wa kunasa mchanga, na grisi hiyo naifuta na kuibadilisha kila mara. Sakafuni, upande wa nyuma, nimetoboa tundu dogo la kutolea maji. Wengine hushangaa kuona mtu anatoboa kifaru anachotaka kukikinga na maji. Lakini maji yataingia, na yakishaingia nataka yapate mlango wa kutokea.

Giaboksi inastahili maelezo marefu kidogo, kwa sababu ndiyo inayokufa polepole bila kulalamika. Katika vifaru vingi vya bei nafuu giaboksi ni mabamba mawili ya chuma na gia katikati, na kando zake ziko wazi. Kiwandani hupakwa grisi. Grisi hiyo, kwenye zulia la sebuleni, ni rafiki. Nje inageuka mtego: kila chembe ya mchanga inayopita inanaswa na kushikiliwa pale pale kwenye meno. Fundi wa gari anaijua dawa ya kusagia valvu, ule uji wa grisi na unga mkali unaokula chuma taratibu hadi kikae sawa. Grisi yenye mchanga ni dawa hiyo hiyo, ila hapa hakuna anayetaka kusaga kitu.

Niliwahi kuifungua giaboksi ya kifaru cha kijana mmoja aliyelalamika kwamba upande wa kulia unatoa mlio. Grisi, ambayo kwa kawaida ni nyeupe, ilikuwa ya kijivu, nami nilipoisugua kati ya kidole gumba na cha shahada niliisikia ikikwaruza. Nilipoiosha gia kwa mswaki na alkoholi ya kusafishia, meno ya ile ya kwanza, inayogusana na mota, yalikuwa yamechongoka kama msumeno wa seremala. Mlio ulikuwa umeanza miezi mitatu kabla. Angeifungua wakati ule, kazi ingekuwa ya nusu saa na bei yake ingekuwa kijiko cha grisi.

Dawa ni kuzifunika kando za giaboksi kwa kipande chembamba cha plastiki au utepe wa nguo, kupaka grisi kidogo sana, na kuifungua mapema. Baada ya mchanga mimi huifungua kila mara. Baada ya udongo wa mfinyanzi wa huku Leicestershire, ambao ni mzito na hushikamana badala ya kupeperuka, naweza kungoja michezo minne au mitano. Na tafadhali, mtu asiniambie kwamba amepuliza WD-40 kwenye gia akamaliza. Dawa hiyo ni nzuri kwa kazi yake, na jina lake lenyewe ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya kuondoa maji. Huyaondoa, kisha huiosha na grisi, nayo yenyewe inakauka. Ukiitumia, ifuatishe grisi mpya.

Kuna adui mwingine anayekaa jirani na giaboksi, naye ni nyasi. Kwenye mhimili wa sproketi, kati ya gurudumu lenyewe na ukuta wa kifaru, kuna nafasi ndogo isiyozidi unene wa sarafu. Jani moja refu likiingia pale linazungushwa, la pili linazungukia juu ya la kwanza, na baada ya robo saa kuna kamba ngumu iliyokaza kama uzi kwenye kibiringo. Nje huoni kitu. Unachokiona ni kifaru kinachovuta upande mmoja. Mota ikizuiwa kuzunguka, umeme unaopita ndani yake unapanda kwa ghafla, na mzigo huo unabebwa na transista za bodi. Kwa hiyo jani la nyasi linaweza kuunguza bodi iliyokingwa na maji kwa ustadi wote. Kifaru kikianza kuvuta upande, simama, kizime, kigeuze, kata nyasi kwa wembe. Kuongeza kasi ili kijinasue ndiyo njia ya haraka ya kukiua.

Kuhusu minyororo, watu hupenda kubadilisha ya plastiki na kuweka ya chuma, nami nawaelewa. Ya chuma inalala chini kwa uzito wake, inasikika vizuri kwenye lami, na kifaru kinatembea kama kifaru. Lakini "chuma" hiki kwa kawaida ni zinki iliyomiminwa kwenye kalibu, na pini zake ni za chuma cha pua au cha kawaida. Zinki inapokutana na chuma cha kawaida kwenye maji, zinki ndiyo inayoliwa kwanza. Ule unga mweupe niliouona Januari ulikuwa mwili wa mnyororo wenyewe ukitoweka. Kisha pini nazo zinashika kutu, zinavimba ndani ya matundu yake, na kiungo hakikunjiki tena. Mnyororo wa plastiki hauna ugonjwa huu. Kwa anayecheza sana kwenye nyasi zenye maji na hana muda wa kutunza, nasema wazi: baki na plastiki. Uzito wa mnyororo wa chuma juu ya giaboksi dhaifu ni hasara juu ya hasara.

Mwenye mnyororo wa chuma asiupake grisi wala oili ya maji maji. Ataonekana amefanya vyema kwa dakika tano, kisha kila kiungo kitakuwa kimekusanya mchanga. Kinachofaa ni kilainishi kikavu, kile kinachoacha unga mwembamba baada ya kimiminika chake kuruka, au unga wa grafaiti. Tena mnyororo usikazwe kupita kiasi. Baada ya kusafisha, uache ulegee kidogo kwa juu, maana udongo ukiingia kwenye meno ya sproketi unaunenepesha mzunguko mzima, na mnyororo uliokuwa umekazwa vizuri nyumbani unageuka kamba ya kuvunja mihimili.

Ninavyofanya sasa ni hivi. Mchezo ukiisha, kabla hata sijatoka uwanjani, natoa betri. Hiyo ni amri ya kwanza na haina ruhusa ya kuahirishwa, kwa sababu ile ile aliyonieleza fundi wa Mombasa: maji bila umeme huondoka yakaacha doa, maji yenye umeme hula shaba. Nyumbani naweka trei kubwa mezani na gazeti kuukuu juu yake. Naugonga utoke msumari mmoja wa mnyororo, ile pini niliyoitia alama ya rangi nyekundu ili nisiitafute, na minyororo yote miwili inaingia kwenye beseni la maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo. Kama nilikuwa kwenye mfinyanzi, nausugua mwili wa chini mara moja ungali mbichi, kwa brashi iliyolowa kidogo tu, kwani mfinyanzi ukikauka unashika kama saruji. Kama nilikuwa kwenye mchanga, nangoja ukauke kwanza halafu naupepeta kwa brashi kavu na kuupuliza, kwa maana mchanga uliolowa ukisuguliwa unasukumwa ndani zaidi.

Kisha nafungua skrubu chache za chini na kuinua ganda la juu taratibu, kwa kuwa kuna nyaya zinazopanda hadi kwenye mnara na hazipendi kuvutwa. Hapo ndipo ukweli unapoonekana. Mara nyingi kuna mstari wa unyevu sakafuni, mwembamba kama uliochorwa kwa kalamu, unaofuata ukingo wa giaboksi. Naukausha kwa kipande cha kitambaa kisichotoa nyuzi. Mota nazipa hewa ya draya ya nywele kwa joto la chini, nikiwa mbali ili plastiki isipinde, na tone moja la oili kwenye bushi ya kila ncha ya mhimili. Tone moja, lisifike kwenye kaboni za mota, maana oili pale huchoma na kuacha masizi. Halafu nakiacha wazi hivyo hivyo mbele ya feni hadi asubuhi. Mchele, ambao kila mtu hupendekeza, sitii. Hewa inayotembea inakausha vizuri kuliko mchele, nayo haiachi unga kwenye gia.

Minyororo ikikauka naipitishia kilainishi kikavu, naining'iniza kwenye msumari ukutani. Kazi yote, ukiondoa usiku wa feni, inanichukua dakika 40.

Betri zina kanuni zake, nazo si za kujadiliana. Nyingi za siku hizi ni za lithiamu, seli 2 zenye volti 7.4 kwa pamoja. Seli moja ikijaa inafika volti 4.2, na ikishuka chini ya volti 3 inaanza kuharibika. Betri ya kukaa wiki mbili au zaidi iwekwe karibu na volti 3.8 kwa seli, na chaja nzuri ina kitufe cha kazi hiyo. Isihifadhiwe imejaa, isihifadhiwe tupu, na isiachwe imechomekwa kwenye kifaru, kwani bodi nyingine hunyonya umeme kidogo kidogo hata zikiwa zimezimwa. Ikitoka kwenye baridi kali, ipate joto la chumba kwanza ndipo ichajiwe. Iliyovimba haichajiwi tena, haitobolewi, haibonyezwi irudi. Hupelekwa panapopokelewa betri chakavu. Betri ya lithiamu ikishika moto haizimwi kwa blanketi la sofa, na hapa nazungumzia nyumba zenye watoto waliolala.

Ndugu zetu walioko Muscat, Dar es Salaam au Mombasa hawana barafu wala mfinyanzi wa Novemba, lakini wana jua na chumvi. Gari lililofungwa madirisha chini ya jua la mchana hupinda plastiki nyembamba na kuidhuru betri, na rangi nyeusi-kijani ya kifaru inameza joto kuliko nyeupe. Kifaru kisisafirishwe kwenye buti mchana kutwa. Kuhusu ufukweni, ushauri wangu ni kutokwenda. Maji ya bahari hupitisha umeme vizuri zaidi kuliko ya mvua, na chumvi inayobaki baada ya kukauka inavuta unyevu wa hewa tena na tena, kwa hiyo kutu haipati usingizi. Aliyekwisha kwenda, asingoje jioni: atoe betri, asuuze sehemu zote za chuma kwa maji baridi yasiyo na chumvi, mara mbili, ndipo aanze kukausha.

Rangi naitaja kwa ufupi. Tabaka moja la vanishi isiyong'aa linatosha kuilinda, na mikwaruzo inayopatikana uwanjani inaipendezesha. Wenye subira hupaka matope ya kuigiza kwa unga wa rangi, na kazi yao ni nzuri kuliko matope ya kweli, kwani yale ya kweli hayajui kipimo cha 1/16. Kifaru kilichopakwa hivyo kwa mkono wa fundi mahiri, mimi singekitoa nje.

Tiger yangu ile ilipona kwa bodi mpya, minyororo mipya na betri mpya, kwa gharama iliyokaribia bei ya kununua kingine. Bado inatembea, mwaka wa nne huu. Nawe, ndugu msomaji, kama una kifaru ndani ya boksi juu ya kabati tangu msimu uliopita, kishushe leo hii kabla hujalala. Anza na betri.